Mavuno ya Tanuri la Chokaa Yakivuka Asilimia 100

Ukichoma kilo 500 za jiwe la chokaa, kisha mizani ikasoma kilo 324, usishangilie bado. Jiwe hilo, hata likiwa safi kabisa, haliwezi kutoa zaidi ya kilo 280 za chokaa. Hizo kilo 44 za ziada zimetoka wapi?

Jiwe la chokaa, yakiwemo matumbawe yaliyojenga Lamu na Unguja, kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Jumlisha uzito wa atomi zake: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu za 16 kila moja. Unapata 100. Moto wa karibu nyuzi 900 za Selsiasi huivunja. Oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa, hubaki na 56, na hewa ya ukaa hupaa na 44. Kwa hiyo kilo 500 hutoa 280. Hayo ndiyo mavuno ya kinadharia, na hakuna ustadi wa mchomaji unaoweza kuyapita.

Ila tanuri halichomi sawasawa. Mapande makubwa huiva nje, kiini kikabaki jiwe, na jiwe bichi ni zito kuliko chokaa ambayo lingetoa. Ndiyo maana katika mmenyuko huu kazi mbovu huongeza uzito! Zile kilo 324 ni kilo 224 za chokaa na kilo 100 za jiwe lisiloiva. Gawanya 224 kwa 280, zidisha kwa 100: mavuno ni asilimia 80. Anayegawanya 324 atapata karibu asilimia 116, na namba hiyo yapasa imshtue. Mavuno yakivuka 100, kuna kitu kingine kwenye mizani.

Mara nyingine ni maji. Kilo 56 za chokaa zikinywa unyevu wa kutosha huwa kilo 74, na hewa ya Pwani haina ubahili wa unyevu. Pima mara tu inapopoa.

Usafi wa jiwe nao uhesabiwe: likiwa na kaboneti asilimia 90 tu, anza na kilo 450, na kikomo kinashuka hadi 252.

Kujua kiasi kilichoiva, chukua sampuli uliyoipima, uimwagie maji kwa uangalifu, kwa maana huchemka vikali. Chokaa itapasuka na kuwa unga. Viini vibichi vitabaki mawe. Vioshe, vikaushe, vipime, kisha utoe uzito wake kwenye ule wa sampuli.