Umeme Unaotumiwa na Vifaa Vilivyozimwa

Lalamiko tunalolipokea mara kwa mara kutoka kwa watumiaji wa mita za LUKU ni kwamba uniti hupungua hata nyumba ikiwa imelala. Taa zimezimwa, runinga imezimwa, lakini asubuhi salio limeshuka. Wengi huishuku mita. Ni kweli kwamba mita huweza kupata hitilafu, na mwenye shaka anaweza kuomba yake ikaguliwe. Jokofu nalo hufanya kazi usiku kucha, na umeme linaoutumia una kazi yake. Kinachobaki baada ya hapo, aghalabu, ni vifaa vyenye taa ndogo nyekundu vilivyopangwa chini ya runinga.

Kitufe cha rimoti hakikati umeme. Hukiamuru kifaa kisinzie tu. Ili kiweze kuamka kitakapoitwa tena, sehemu inayopokea ishara ya rimoti, pamoja na ile inayoshusha umeme wa volti 230 kuwa volti chache, hubaki zikifanya kazi usiku na mchana. Umeme unaotumika namna hiyo huitwa umeme wa kusubiri. Mwaka 1999 Wakala wa Kimataifa wa Nishati ulipendekeza kwamba kifaa cha nyumbani kinaposubiri kisitumie zaidi ya wati 1. Umoja wa Ulaya uliweka sharti la namna hiyo kuanzia 2010, na mwaka 2013 ukashusha kiwango hadi nusu wati kwa vifaa vingi. Ndiyo maana runinga bapa mpya kwa kawaida haina gharama kubwa inaposinzia. Runinga ya zamani ya chogo, au kifaa cha mtumba kilichotengenezwa kabla ya masharti hayo, kinaweza kutumia wati kadhaa.

Mtumiaji mkubwa wa umeme wa kusubiri katika nyumba nyingi ni king'amuzi. Tangu mitambo ya matangazo ya analojia ilipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kifaa hiki kimekuwa sehemu ya kawaida ya sebule. Vingi, hasa vya dishi, havisinzii kwa kweli. Ukivizima kwa rimoti, picha hutoweka, lakini ndani vinaendelea kupokea taarifa za malipo na za vipindi, na vingine huendelea kupeleka umeme kwenye kichwa cha dishi kilichoko nje. Si ajabu king'amuzi cha namna hiyo kutumia takriban wati 10 kikiwa "kimezimwa", kiasi kisichopishana sana na kile kinachotumika mtu anapotazama taarifa ya habari. Kiguse asubuhi kabla hakijawashwa. Kikiwa na joto, joto hilo umelinunua.

Sabufa hufuata. Nyingi za bei nafuu zina transfoma inayobaki na umeme hata baada ya rimoti kubonyezwa, hadi swichi ya nyuma izimwe.

Wati 10 zinaonekana kuwa kitu kidogo. Hata hivyo, kifaa kinachotumia wati 10 saa 24 kwa siku 30 hutumia uniti 7.2. Hapa ndipo mteja wa matumizi madogo anapopaswa kuwa makini. Kwa mujibu wa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa daraja D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Kwa mteja aliye chini ya mpaka huo, uniti 7.2 ni shilingi 720. Kwa aliyekwisha kuuvuka, uniti hizo hizo ni shilingi 2,520. Aidha, anayeuvuka mara kwa mara anaweza kuhamishiwa daraja T1, ambako kila uniti, hata ya kwanza, ni shilingi 292. Taa nyekundu inayosahauliwa inaweza kuwa ndiyo inayomsukuma mtu kutoka upande mmoja wa mpaka kwenda mwingine.

Hali huwa ngumu zaidi katika nyumba za kupanga ambamo wapangaji huchangia LUKU moja. Tuchukue mfano wa nyumba yenye vyumba vinne. Kila chumba kina king'amuzi kinachosubiri kwa wati 10, sabufa kwa wati 5 na runinga kwa wati 1, na vyote husubiri saa 20 kwa siku. Kila chumba kitatumia uniti 9.6 kwa mwezi, na vyumba vyote vinne uniti 38.4, yaani zaidi ya nusu ya zile uniti 75, kabla mtu yeyote hajawasha taa wala kupiga pasi. Magomvi ya uani kuhusu nani "anamaliza umeme" kwa kawaida humwangukia mwenye pasi au mwenye jiko la umeme. Mara chache hutajwa vifaa vilivyo katika kila chumba.

Asiyetaka kukisia anaweza kupima. Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo inayomweka kila kiasi fulani cha umeme kinapopita, na karibu nayo pameandikwa namba ikifuatwa na herufi imp/kWh. Ikiwa namba ni 1000, taa humweka mara 1000 kwa kila uniti. Zima taa zote, chomoa jokofu kwa muda mfupi, na uache vile tu vinavyosubiri. Hesabu sekunde kutoka mmweko mmoja hadi mwingine, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ndilo idadi ya wati. Sekunde 180 maana yake ni wati 20. Kwa mita yenye namba nyingine, gawanya kwanza 3,600,000 kwa namba hiyo, na utumie jibu lake badala ya 3,600.

Tiba ni swichi ya ukutani. Runinga, king'amuzi na sabufa vikiunganishwa kwenye ekstensheni moja imara, swichi moja huvizima vyote wakati wa kulala. King'amuzi kizimwe kwanza kwa rimoti, na kisizimwe ukutani kinapokuwa kinasasisha programu yake. Kikiwashwa kitachukua dakika moja au zaidi kabla ya kuonyesha picha; huo ndio usumbufu wenyewe. Panapokuwa na radi, swichi haitoshi: chomoa plagi, pamoja na waya wa dishi au antena.

Hatuwahimizi wasomaji kuhangaika na chaja za simu kwa sababu ya gharama. Chaja nzuri ya kisasa isiyo na simu hutumia sehemu ndogo tu ya wati 1. Chaja za bandia tunazionya kwa sababu nyingine, nayo ni moto.

Kifaa kinachostahili mashaka zaidi ni dispensa ya maji ya moto na baridi. Haina rimoti, lakini nayo husubiri: huchemsha na kupoza maji usiku kucha hata kama hakuna anayekunywa, na baadhi hutumia zaidi ya uniti 1 kwa siku. Nyuma yake kwa kawaida kuna swichi mbili, moja ya maji ya moto na nyingine ya maji baridi. Ile ya moto ikizimwa usiku na kuwashwa alfajiri, maji huwa tayari kwa chai baada ya dakika chache.