Neno Dogo "Kwa"

Leo nataka tutazame neno la herufi tatu tu, nalo ni "kwa". Kutwa tunalitamka, wala hatulifikiri. Lakini neno dogo laweza kuzua daawa kubwa.

Tuseme mtu amemwandikia nduguye barua: "Nimeuza ng'ombe wawili kwa Athumani kwa shilingi 60." Je, Athumani ndiye aliyenunua, au ng'ombe waliuzwa nyumbani kwake, na mnunuzi ni mtu mwingine? Tena, shilingi 60 ni bei ya wote wawili, au ya kila mmoja? Nduguye akienda kumdai Athumani shilingi 120, huenda wakafika barazani, na kila mmoja ataona kuwa barua ile ile ni shahidi wake.

Basi na tuitafute asili ya neno hili. Twasema "mtoto wa Juma", "kitabu cha Juma", "nyumba ya Juma". Kile kiungo "-a" hufuata jina lililotangulia. Likitangulia jina la mahali, twasema "nyumbani kwa Juma". Hata tusipotaja nyumba, tukisema tu "Naenda kwa Juma", mahali pamo ndani ya neno lenyewe. Ndiyo sababu twasema kwangu, kwako, kwetu. Wazulu wa Afrika Kusini nao wanalo neno hili: "kwaZulu" maana yake ni kwa Zulu, yaani kwao Wazulu. Wafaransa husema "chez", na asili yake ni neno la Kilatini "casa", maana yake nyumba. Nyumba imegeuka kuwa neno dogo la kuonyesha kwa fulani!

Katika Kiswahili "kwa" ina kazi nyingine nyingi. Huonyesha chombo: kukata kwa kisu. Huonyesha namna: kwenda kwa haraka. Huonyesha bei: kununua kwa shilingi 5. Huonyesha muda: kungoja kwa siku 3. Huonyesha hesabu: 5 kwa 100. Tena hukusanya watu wote pamoja: wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo.

Lugha nyingine hugawanya kazi hizi kwa njia zao. Kiarabu kina "bi", ambayo hushikamana na neno linaloifuata, nayo hufaa kwa kisu, kwa haraka na kwa bei. Lakini kusema "nyumbani kwa fulani", Mwarabu hutumia neno jingine, "inda". Mwingereza husema "with" akikata kwa kisu, na "with" vile vile akitembea na rafiki. Waganda pia hutumia "na" kwa mambo hayo mawili. Sisi twatenganisha: nilikula kwa kijiko, nilikula na Juma.

Tofauti hiyo ni hazina, tuitunze. "Aliuawa na simba" yaonyesha aliyetenda. "Aliuawa kwa mkuki" yaonyesha chombo tu, na mwenye mkuki bado hajatajwa. Shahidi aliye mwangalifu hachanganyi maneno haya mawili, maana moja lamtaja mtu, na jingine lataja kitu kilichokuwa mkononi mwake.

Sasa turudi kwenye barua yetu. Ikiwa Athumani ndiye mnunuzi, mwandishi angeandika hivi: "Nimemwuzia Athumani ng'ombe wawili, kila mmoja kwa shilingi 30, jumla shilingi 60." Na ikiwa mnunuzi ni mwingine, angemtaja jina, kisha aongeze "nyumbani kwa Athumani". Maneno machache zaidi, na daawa hakuna. Kabla hujatia sahihi hati yo yote, isome tena, na kila ufikapo kwenye "kwa" ujiulize: ni mahali, ni mtu, ni chombo, au ni bei?

Nanyi mtaona kwamba hata neno letu la kuagana limejengwa juu ya neno hili hili. Basi, wasikilizaji, kwa herini.