Ndege za abiria zinapoitwa vitani

Wahenga walinena kwamba biashara haigombi. Nchini Marekani, hata hivyo, biashara ya usafiri wa anga ina nafasi yake vitani, na yafaa tujiulize iwapo jina "ndege ya kiraia" bado linabeba maana tuliyoizoea.

Mnamo 1951, baada ya kazi ngumu ya kuilisha Berlin kwa ndege miaka ya 1948 na 1949, serikali ya Marekani iliunda mpango wa kuyafunga mashirika ya ndege kwa mkataba. Shirika huahidi ndege zake kadhaa pamoja na wafanyakazi wake. Nalo hupewa kazi za kusafirisha watu na mizigo ya serikali wakati wa amani. Jeshi likizidiwa, huziita ndege hizo. Hesabu yake ni nyepesi: ni ghali mno kununua ndege nyingi zikae bure zikingoja vita.

Mpango huo ulitumika mara ya kwanza Agosti 1990, Iraq ilipoivamia Kuwait. Ndege za kiraia zilibeba takriban thuluthi mbili ya askari waliopelekwa Ghuba kwa anga. Ulitumika tena mwaka wa 2003 katika vita vya Iraq. Agosti 2021, ndege 18 za mashirika sita ziliitwa kuwasafirisha watu waliotolewa Afghanistan. Hizo hazikutua Kabul. Ziliwachukua watu hao katika vituo vya nchi nyingine.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mwaka wa 1983 Muungano wa Kisovieti uliitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini, watu 269 wakafa. Mwaka uliofuata, Mkataba wa Chicago wa 1944 uliongezwa kifungu kinachozitaka nchi zijizuie kuzishambulia ndege za kiraia zilizo angani. Kinga yote hiyo imeegemea neno moja: "kiraia". Je, ndege iliyosheheni askari waendao vitani ingali ya kiraia kwa kuwa tu ubavuni ina nembo ya shirika? Adui hatasoma nembo, atatazama shehena.

Hatukatai kwamba serikali ina haki ya kubana matumizi. Lakini mhudumu wa ndege hakula kiapo cha jeshi. Anapopelekwa penye hatari, astahili kuelezwa waziwazi na kulindwa kama askari. Neno likishapoteza maana yake, hata abiria asiyehusika na vita hubaki bila ngao.