Abiria Aambiwe Saa ya Kweli

Wahenga walinena kwamba msafiri maskini ajapokuwa sultani. Aliyeondoka kwake amekwisha kujitia mikononi mwa watu wengine. Kula kwake, kulala kwake na hata kwenda haja kwake hutegemea hiari ya mwenye chombo. Akiwa peke yake huweza kustahimili. Lakini akiwa amepakata mtoto wa miaka miwili, umaskini huo huzidi maradufu, kwani mtoto wa umri huo haijui subira, na njaa yake haingoji tajiri wa basi aamue.

Tunaandika haya kwa sababu yalitufika. Mwezi wa Juni mwaka 2024, skuli zilipofungwa, tuliondoka Unguja kwa boti pamoja na binti yetu na mwanawe wa kiume, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili na nusu. Nia yetu ilikuwa kupumzika kwa siku chache Iringa, kisha kuendelea hadi Mbeya, tukaione milima na kuonja baridi ambayo sisi wa visiwani huisikia kwa kuhadithiwa tu. Milima tuliiona, na baridi tuliionja kupita kiasi. Lakini lililobaki katika nyoyo zetu baada ya kurejea si uzuri wa nchi ile, ambao hauna mfano, bali ni maneno mawili tuliyoyasikia njia nzima: “sasa hivi”.

Tulipanda basi Mbezi saa 12 asubuhi. Hadi saa 7 mchana tulikuwa tumekwisha kuivuka mbuga ya Mikumi na kuipita Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo vitunguu hupangwa kando ya njia kama vilima vidogo. Mbele yetu ulikuwa mlima wa Kitonga, ambao kila dereva wa njia hiyo huuheshimu kwa kona zake na makorongo yake. Hapo chini, kabla hatujaanza kupanda, basi likasimama nyuma ya msururu wa malori ambao mwisho wake haukuonekana.

Tulimwuliza kondakta kuna nini. Akajibu, “Sasa hivi tunaondoka, tulieni.” Baada ya saa moja tukamwuliza tena, akatoa jibu lile lile. Abiria waliotaka kushuka kuchimba dawa walikatazwa wasiende mbali, maana basi lingewaacha. Jua la bonde lile lilikuwa kali, na ndani ya basi hewa ilikuwa nzito. Mjukuu wetu alikwisha kumaliza uji uliokuwa katika chupa ya chai. Akaanza kutapika, na tumbo likamharibika. Mama yake alikuwa na pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini, lakini maji safi ya kuichanganyia yalikuwa yamebaki kidogo mno. Mara mbili alisimama ili ashuke kutafuta maji, na mara mbili akarudishwa kitini na yale maneno, “Sasa hivi, mama.”

Ukombozi wetu haukutoka kwa mtu wa basi. Ulipokaribia wakati wa saa 9, dereva mmoja wa lori alikuwa akiteremka kwa miguu kutoka mlimani. Tulipomwuliza kupitia dirishani, alitutazama, akamtazama na mtoto, kisha akasema, “Nisiwadanganye. Kuna lori limelala kwenye kona, na la nyuma yake limeshindwa kupanda. Winchi bado inasubiriwa. Kabla ya saa mbili usiku msitegemee.”

Habari hiyo ilikuwa mbaya, na hata hivyo haikupata kutokea habari iliyotufaa kuliko hiyo. Mara moja binti yetu alishuka, akambeba mwanawe hadi kwenye banda la mama lishe mmoja aliyekuwa si mbali na barabara. Yule mama alichemsha maji bila ya kuulizia malipo. Dawa ikachanganywa, mtoto akanyweshwa kidogo kidogo kwa kijiko, akaogeshwa, akalazwa kwenye mkeka penye kivuli. Alilala saa mbili. Alipoamka aliomba ndizi, na sote tukajua kwamba balaa limepita. Basi letu liliondoka saa 2 na dakika chache usiku, kama alivyokadiria mtu ambaye hakuwa na wajibu wowote kwetu.

Wasomaji wetu wazingatie kwamba saa zile saba hatumlaumu nazo mtu yeyote. Lori huanguka, na mlima hauna njia ya pembeni. Tunaloliuliza ni kwa nini, katika saa mbili za mwanzo, mama mwenye mtoto mgonjwa alifungwa kitini kwa ahadi ambayo kondakta mwenyewe alijua kwamba haina msingi. Kuchelewa kulitunyang'anya saa zetu, lakini uongo ulitunyang'anya uamuzi wetu, na hasara hii ya pili ndiyo iliyokaribia kutudhuru.

Tulidhani kwamba jambo hili limetokea mara moja tu kwa bahati mbaya. Siku nne baadaye tulithibitishiwa kinyume chake. Tulifika saa 2 asubuhi katika stendi iliyo chini ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu, tukiwa na tiketi za kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300. Basi letu lilikuwa linatoka Dar es Salaam. Wakala aliyetuuzia tiketi alitwambia limekwisha kufika Ilula, yaani karibu kabisa. Saa 4 lilikuwa bado liko Ilula. Saa 6 mchana lilikuwa, kwa maneno yake, “linamalizia Ilula”. Lilipowasili saa 8 tuliwauliza abiria waliokuwamo, wakatujuza kwamba saa 2 ile asubuhi, tulipoambiwa liko Ilula, wao walikuwa bado wako Mikumi, gari likitengenezwa.

Laiti tungeambiwa kweli, tungerudi mjini kwa jamaa zetu, mtoto akalala kitandani badala ya kutetemeka katika upepo wa stendi huku amevikwa kanga mbili juu ya sweta. Au tungerudishiwa nauli yetu na kupanda mojawapo ya mabasi matatu yaliyopita machoni petu. Bila shaka ndiyo sababu hatukuambiwa.

Wako watakaosema kwamba hawa walikuwa katika matembezi, wana lipi la kulalamikia? Jibu letu ni kwamba katika benchi lile la stendi alikaa nasi mama mwingine, mwenyeji wa Iringa, mwenye mtoto wa mwaka mmoja mgongoni. Yeye hakuwa akienda kutazama milima. Alikuwa na karatasi ya kumpeleka mwanawe hospitali ya rufaa Mbeya, na alitakiwa awepo huko mchana ule ule. Kila alipoambiwa “sasa hivi” aliikunjua karatasi ile, akaitazama, akaikunja tena. Tulifika Mbeya usiku. Hatujui alilala wapi. Kwa hiyo jambo hili si la watu wa likizo peke yao. Linamhusu kila mwananchi ambaye maisha yake yamefungamana na saa ya gari.

Nyanda za Juu za Kusini si nchi iliyosahauliwa na njia. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwezi wa Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia mpya ya kufikia bahari, na malori yakaanza kupita Iringa na Mbeya yakipeleka mafuta na kurejea na shaba, katika barabara ya vumbi na matope iliyoogopwa na madereva. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na barabara nayo ikaja kutiwa lami. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970. Kazi ya kutandika reli ilimalizika mwaka 1975, na mwezi wa Julai 1976 njia nzima ikakabidhiwa kwa nchi zetu mbili, kabla ya muda uliopangwa.

Ni ajabu kwamba reli iliyomalizika kabla ya saa yake ndiyo iliyokuja kujulikana na abiria kwa kuchelewa, pindi vichwa vya treni vilipochakaa. Serikali za Tanzania na Zambia zimeukubali uchakavu huo, na mwaka 2025 zilitia saini mkataba na kampuni ya Kichina wa kuifufua kwa dola za Kimarekani bilioni 1.4. Tunaiombea kheri kazi hiyo. Lakini reli haiugusi mji wa Iringa. Huzunguka kwa Mlimba na kutokea Makambako. Msafiri wa Iringa ataendelea kulitegemea basi, na fedha zote hizo hazitamfundisha kondakta kusema kweli.

Tusieleweke vibaya kwamba tunadai mwendo wa kasi. Sisi wa visiwani ndio wa mwisho kudai hivyo. Hatujaisahau Septemba 2011, Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, wala Julai 2012, Skagit ilipozama karibu na Chumbe. Tangu siku hizo kila mwenye akili visiwani huona ni heri boti icheleweshwe, na hata isiondoke kabisa, kuliko iondoke kwa khatari. Barabara ya Mbeya nayo imekwisha kumwaga damu nyingi. Basi la abiria haliruhusiwi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni takriban kilomita 830. Hata likienda mwendo huo bila ya kusimama mahali popote, safari haipungui saa 10. Kwa hiyo wakala anayemwahidi mteja kwamba ataondoka saa 12 asubuhi na kufika saa 10 alasiri anaahidi kitu ambacho hakiwezekani ila kwa kuvunja sheria. Uongo wa saa huanzia kwenye dirisha la tiketi, na dereva ndiye anayesukumwa kuutimiza kwa mguu wake.

Maadamu ndivyo, tunawaomba wenye mamlaka wayafikirie mambo matatu, ambayo hayahitaji mkopo wala mkandarasi.

Kwanza, mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vinavyoiwezesha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kujua gari liko wapi na linakwenda mwendo gani. Kama ofisa aliyeko ofisini aweza kujua kwamba basi liko Mikumi, haifai mama aliyeko stendi ya Iringa aambiwe liko Ilula. Habari hiyo isomwe kwa kipaza sauti na iandikwe ubaoni katika kila stendi kubwa, ili hata asiye na simu ya kisasa aipate.

Pili, njia inapofungwa Kitonga, askari wa usalama barabarani na wakala wa barabara watoe tangazo Ruaha Mbuyuni kwa wanaopanda na Ilula kwa wanaoteremka, na mabasi yazuiwe huko huko vijijini. Huko kuna maji, kuna vyoo, kuna chakula na kuna watu. Kumngojesha mtoto mahali penye kisima ni jambo moja, na kumngojesha kwenye mteremko mkavu ni jambo jingine kabisa.

Tatu, iwe ni sharti la leseni kwamba kondakta, gari likisimama kwa zaidi ya nusu saa, aeleze sababu na makadirio yake, na akiwa hajui, aseme kwamba hajui. Neno “sijui” si aibu. Mama akilisikia atajitafutia maji. Na abiria ambaye gari lake limechelewa kwa saa nyingi arudishiwe nauli yake bila ya kugombana na mtu. Mabaraza ya kutetea watumiaji wa usafiri yapo kisheria. Tunatarajia kuisikia sauti yao katika hili.

Nasi abiria tusijitoe katika lawama. Tumezoea kuuliza mara moja na kunyamaza, tukamwacha mwenye mtoto ateseke peke yake, kana kwamba kilio kile ni kosa lake. Katika basi letu walikuwamo watu zaidi ya hamsini, na hakuna aliyesimama naye kumwambia kondakta aseme kweli. Hata sisi wenyewe, kwa saa mbili nzima, tulisubiri.

Mjukuu wetu amerejea salama. Watu wa nyumbani walipomwuliza ameona nini Bara, hakutaja milima wala baridi. Lakini siku hizi akiitwa kuja kuoga, hujibu bila ya kuinua kichwa katika mchezo wake, “Sasa hivi.” Watu hucheka. Sisi hatucheki sana, kwani tunajua alikojifunza, na tunajua kwamba haji.