Shule ya Wageni na Mtoto wa Kibuyuni

Juma lililopita, siku za bamvua, maji yalipokupwa hata vijiti vyote vya mashamba ya mwani vikaonekana mbele ya Kibuyuni, nilimkuta dada yangu kazini kwake. Maji yalimfika magotini, leso ameifunga kibwebwe, anafungua mwani uliokomaa na kuupakia katika gunia. Ng'ambo ya pili kisiwa cha Wasini kilikuwa kimetulia kama kawaida yake. Sikuwa nimekuja kutazama mandhari. Nilikuwa nimeitwa.

Binti yake, aliyemaliza Gredi ya 6, amechaguliwa kwa ufadhili kuingia shule moja ya kimataifa yenye bweni, mbali na hapa. Karatasi ya kukubali ilikuwa kabatini, na saini ya mzazi ilitakiwa kabla ya Ijumaa.

"Kaka, wewe ndiwe uliyesomesha watu," dada aliniambia bila kuinua uso. "Hiyo shule ya Wazungu yafunza nini? Na mwanangu atarudi akiswali?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la kuchekwa. Pwani hii wazee wetu waliwanyima watoto wao skuli za misheni kwa hofu ya namna hiyo hiyo, na hofu yenyewe haikuwa ya uongo, kwani wako walioingia na jina moja wakatoka na jingine. Lakini hasara ya kubaki nyuma tuliipata vilevile. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliliona jambo hili mapema, na katika gazeti lake la Al-Islah, alilolianzisha Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu washike dini yao na elimu ya wakati kwa pamoja. Basi nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikamweleza dada yale niyajuayo, na ndiyo ninayoyaandika hapa, maana yamkini si yeye peke yake anayejiuliza.

Shule za kimataifa hazikuanzishwa kwa ajili yetu, wala hazikuanzishwa kwa ajili ya kutubadili. Zilianzishwa na wazazi waliokuwa ugenini. Mwaka 1924, mji wa Geneva ulipojaa maofisa wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani, wazazi hao walijiuliza: mtoto wa Mfaransa na mtoto wa Mwingereza, ambao baba zao huenda wakahamishwa mwakani, wasome mtaala wa nchi gani? Wakaanzisha shule yao. Mwaka huo huo wageni wa Yokohama, huko Japani, wakafanya vivyo hivyo. Tangu hapo shule hizi zimefuata kazi kama ndege wafuatavyo mashua ya wavuvi.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikuwa hayo hayo. Wakati wa ukoloni Wazungu hawakuwa na haja ya shule ya kimataifa, kwa sababu serikali yenyewe iliwagawa watoto kwa rangi: skuli za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, kila moja na fungu lake, na fungu la mwisho likiwa dogo kuliko yote. Uhuru ulipoingia milango ile ikafunguliwa. Skuli ya Prince of Wales ikawa Nairobi School, na ile ya Duke of York ikawa Lenana. Wageni waliokuja baadaye, mabalozi, madaktari na wahandisi, wakataka pa kwao. Dar es Salaam ilipata International School of Tanganyika mwaka 1963. Moshi ikapata yake mwaka 1969, kwa ajili hasa ya watoto wa madaktari wa hospitali ya KCMC. Shule hiyo tangu 2019 imo katika jumuiya ya United World Colleges. Nairobi nayo, Umoja wa Mataifa ulipoamua kuweka huko makao ya shirika lake la mazingira, lililoundwa mwaka 1972, familia za wageni ziliongezeka, na mwaka 1976 International School of Kenya ikaanzishwa kwa ubia wa serikali za Marekani na Kanada.

Hata huku kwetu kusini twaijua desturi hiyo. Mahoteli ya Diani yalileta Wajerumani, Waswisi na Waitaliano, na machimbo ya titani ya Kwale, yaliyofanya kazi tangu 2013 hadi mwisho wa 2024, yalileta wahandisi. Mgeni akija na mke na watoto, hamalizi mwezi kabla hajauliza shule.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Wageni huondoka, majengo hubaki. Ndipo wenyeji wenye mali wakaanza kuleta watoto wao, na leo shule nyingi ziitwazo za kimataifa katika Kenya zina Wakenya tele madarasani. Wengine hupeleka watoto kwa elimu, wengine kwa fahari, tusidanganyane. Ada ya mwaka mmoja katika zile kubwa yapita shilingi milioni moja. Nilimfanyia dada hesabu pale pale ufukweni: tuseme mwani mkavu wauzwa shilingi 30 kwa kilo, ili kulipa milioni moja ingembidi auze zaidi ya kilo 33,000. Alicheka mpaka akaliachia gunia. Ndiyo maana habari ya ufadhili ni habari kubwa.

Sasa mafunzo yenyewe. Shule hizi kwa jumla ni za namna mbili. Ziko zifuatazo mtaala wa Kiingereza, ambapo mtoto hufanya mtihani wa Cambridge uitwao IGCSE, ulioanza kufanywa mwaka 1988, kisha akaendelea na A-level, ile ile iliyofanywa na watu wa rika langu kabla ya 8-4-4. Na ziko zifuatazo Bakalorea ya Kimataifa, iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968 ili cheti cha mtoto kikubalike katika vyuo vikuu vya nchi yoyote. Shule iliyomchagua mpwa wangu ni ya namna hii ya pili.

Katika miaka miwili ya mwisho mwanafunzi wa Bakalorea husoma masomo sita: lugha yake, lugha ya pili, jamii, sayansi, hesabu, na la sita huwa sanaa au jingine atakalochagua. Kila somo lina alama saba. Juu ya hayo ana mambo matatu ambayo kwetu hatukuyazoea. Kwanza hufunzwa somo la nadharia ya maarifa, yaani mtu ajuaje kwamba akijuacho ni kweli. Pili huandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000. Tatu hutakiwa atoke nje ya darasa, afanye kazi za sanaa, za mwili na za kuwatumikia watu. Alama zote zikikamilika ni 45, na kwa kawaida asiyefika 24 hapati cheti.

Hilo somo la kwanza ndilo lililomtia dada wasiwasi. "Wamfunze kuitilia shaka dini yake?" Nilimwambia kwamba wanavyuoni wetu wa Hadithi walikuwa wakiuliza swali hilo hilo karne nyingi zilizopita: nani kakwambia, naye kaambiwa na nani, na je, ni mkweli? Anayejua thamani ya isnadi haogopi kuulizwa. Lakini namkubalia pia kwamba mtoto wa miaka 12 si mwanachuoni, na anayeulizwa maswali bila kuwa na msingi huyumba.

Kiswahili nacho kimo katika mitihani ya IGCSE na ya Bakalorea pia. Kuwamo katika orodha si kufunzwa, hata hivyo. Shule huweza kumpa mtoto wa Kivumba Kifaransa, na Kiswahili akaachiwa mpishi na bawabu. Hapo mimi sina subira.

Tulipofika kwenye mavazi nilinyamaza kidogo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwaruhusu wasichana Waislamu wavae hijabu katika shule iliyokuwa imeikataza, lakini Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Kwa hiyo mzazi asitegemee mahakama. Aiulize shule, tena kabla ya saini.

Na tusisahau kwamba Waislamu wenyewe tuliwahi kuwa na chuo cha namna hii. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, ilipojengwa, Sultani wa Unguja na Aga Khan walichangia pauni 100,000 kila mmoja, na ilikusudiwa kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1972 ikageuzwa Politekniki ya Mombasa, na leo ni chuo kikuu. Mpaka sasa nikipita Tudor huwaza ingekuwaje lau tungeiendeleza.

Mpwa wangu alikuwa nyuma yetu muda wote huo, akikaza kamba mpya kwenye vijiti. Akauliza, "Mjomba, hiyo insha ya maneno 4,000, naweza kuandika kwa nini mwani wa cottonii hufa joto likizidi na wa spinosum hustahimili?"

Nikamwambia aweza. Mama yake akamtazama kwa muda mrefu.

Usiku ule tuliandika maswali manne, dada akisema, mimi nikishika kalamu: chumba cha kuswalia, daku na futari katika Ramadhani, Kiswahili, hijabu. Asubuhi tuliyapeleka kwa simu. Jibu lilikuja Alhamisi baada ya magharibi. Chumba kipo. Daku na futari hupikwa. Kiswahili hufunzwa hadi mwisho. Kuhusu hijabu walisema wataandika barua.

"Basi," dada akasema, akairudisha karatasi kabatini, "na waandike." Ijumaa asubuhi aliwapigia mwenyewe, akaomba juma moja zaidi, wakampa.