Kabla ya Kununua LED, Sugua Taa Kwanza

Mjomba ana Corolla ya zamani. Wikiendi huwa naiazima kubeba ndizi za mama kutoka Soko la Chifu Kingalu hadi Kihonda. Mwezi uliopita, saa mbili usiku, nusura nimgonge mtu wa baiskeli. Na taa nilikuwa nimewasha!

Nikaona dawa ni balbu za LED. Fundi akanizuia: "Mdogo wangu, anza na kioo."

Kumbe "kioo" chenyewe ni plastiki. Jua hulila tabaka la juu, linageuka njano, mwanga unatawanyika kabla haujafika barabarani. Tulibandika solotepu pembeni kulinda rangi, tukasugua kwa msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, tukapiga polishi. Usiposhia hapo: paka kinga ya jua, la sivyo njano inarudi.

Pili, umeme. Waya wa ethi ukishika kutu, balbu ya wati 55 haipati volti za kutosha, inafifia. Tukausafisha.

Na LED? Taa ya halojeni imeundwa kufuata uzi mdogo unaowaka mahali maalumu. LED isiyolingana na uzi huo hutapanya mwanga, unampofusha anayekuja mbele. Wewe unaona, yeye haoni.

Mwisho tuliegesha mbele ya ukuta, tukarekebisha mwanga wa chini ukae chini kidogo ya kimo cha taa. Balbu ni zilezile. Jumamosi nilimwona mwenye baiskeli mwingine, mapema kabisa, nikapunguza mwendo.