Kadi ya Waifai Isihukumiwe Haraka
Laptopu kuukuu ya mwanafunzi wa MUST Mbeya au Mkwawa Iringa ikikatakata waifai, wengi hudai kadi imekufa. Huo ni uamuzi wa haraka mno. Washa hotspot ya simu: laptopu ikinasa vizuri, shaka iende kwa ruta. Lakini hotspot iwe ya GHz 2.4, kwani kadi nyingi za zamani haziioni kabisa ile ya GHz 5. Laptopu ikinasa ukiwa karibu na ruta tu, fungua mfuniko wa chini utazame nyaya mbili nyembamba za antena. Huchomoka kirahisi feni inaposafishwa. Utaambiwa adapta ya USB ni rahisi, ya nini kuhangaika? Ni kweli inasaidia kadi ikifa, ila tatizo likiwa kwenye ruta, pesa imepotea bure.